Divai za maeneo sita katika glasi moja

Kwa majuma mawili nimekuwa nikionja chupa sita za divai kutoka maeneo sita, na tathmini hii inazihusu hizo tu: Chablis ya Ufaransa, Mosel ya Ujerumani, Marlborough ya New Zealand, Kakheti ya Georgia, Barolo ya Italia na Stellenbosch ya Afrika Kusini. Sikutafuta chupa za kifahari. Nilichagua zile ambazo mtu wa kila eneo angezitoa kama mfano wa kawaida wa kwao, kwa kuwa swali langu lilikuwa moja: je, anayeonja bila kuona lebo anaweza kutambua kwa pua na ulimi kwamba divai hii imetoka mahali hapa na si kwingineko? Jibu halikuwa lilelile kwa chupa zote, na chupa mbili kati ya hizo zimenilazimisha kuacha nilichokuwa nikikiamini kwa miaka mingi.

Kila chupa niliionja mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imeviringishwa karatasi na kumiminwa na mtu mwingine, mara ya pili nikiwa ninaijua. Kuficha lebo si mchezo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, watafiti wa Bordeaux waliwapa waonjaji 54 divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno yaleyale wanayoyatumia kwa divai nyekundu. Jicho huutangulia ulimi na kuuambia cha kusema. Nilitumia glasi za aina moja, zenye tumbo pana na mdomo uliobana ili harufu ikusanyike. Divai nyeupe nilizinywa katika nyuzi joto 10 hivi na nyekundu katika nyuzi 16, kwa sababu baridi kali huifungia harufu ndani, na joto likizidi hukipandisha kilevi puani kikafunika mengine yote.

Yafaa pia niseme jambo kuhusu maneno. Wapo wanaoamini kwamba lugha ya kuonja divai ni mali ya Wafaransa na Waingereza, na kwamba wengine hatuna ila kuazima. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiswahili kinatenganisha vizuri kabisa ugwadu, ambao ni ule ukali safi wa limau unaoleta mate mdomoni, na uchachu, ambao ni dalili ya kitu kilichokaa kikaharibika. Katika divai, ugwadu ni sifa na uchachu ni kasoro, na anayeyachanganya maneno hayo mawili amekwisha kukosea hukumu yake. Tunalo pia neno ukakasi, ambalo msemaji yeyote aliyewahi kutafuna ndizi mbichi analielewa bila maelezo: si ladha, bali ni hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukwaruza. Huko ndiko kazi ya tanini inakoonekana, kwani tanini za maganda na mbegu za zabibu hushikamana na protini za mate, na mate yakipoteza utelezi wake mdomo hukauka ingawa umejaa kinywaji. Maneno hayo matatu ndiyo niliyoyategemea zaidi.

Chablis niliitambua mapema kuliko zote. Rangi yake ni hafifu, ya majani makavu yenye kidokezo cha kijani, na harufu yake haikuja kwa kishindo. Ilinibidi niitikise glasi mara mbili ndipo nikapata ganda la limau, tufaha la kijani, na nyuma yake kitu kinachofanana na chaki iliyolowa. Eneo hili liko kaskazini kabisa mwa Burgundy, na udongo wake wa chokaa umejaa visukuku vya chaza wadogo walioishi baharini miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wengi husema kwamba ndio chaza hao tunaowaonja. Kauli hiyo inapendeza, lakini mzizi wa mzabibu haufyonzi ladha ya jiwe na kuipeleka kwenye zabibu. Kinachoonjwa kwa hakika ni baridi ya mahali hapo, ambayo huziacha zabibu za Chardonnay na ugwadu mwingi, pamoja na desturi ya wazalishaji wengi kuihifadhi divai katika matangi ya chuma badala ya mapipa mapya, ili mbao zisiifunike. Chupa niliyoionja ilikuwa safi na nyoofu, ingawa ladha yake ilikatika upesi baada ya kumeza. Naisifu bila kuitukuza.

Mosel ndiyo iliyonigeuza. Nilikuwa na imani, ambayo sasa naiona kuwa ni dharau tu, kwamba divai yenye sukari ni ya mtu ambaye bado hajajifunza kunywa divai. Hii ilikuwa divai ya zabibu za Riesling ya daraja la Kabinett, lililo jepesi kuliko yote katika ngazi za Ujerumani, yenye alkoholi asilimia 8.5 tu, na mara baada ya kumiminwa viputo vidogo mno vilijipanga kwenye ukuta wa glasi, vikakaa hapo kwa dakika kadhaa kabla ya kupotea kimoja kimoja. Ni mabaki ya gesi ya uchachukaji, nayo huuchoma ulimi kwa upole sana. Harufu ilikuwa ya pichi na ndimu, na chini yake, jambo litakalomshangaza asiyeizoea, ilikuwamo harufu hafifu ya mafuta ya taa. Hiyo si kasoro. Hutokana na kampaundi ambayo zabibu za Riesling huijenga zaidi zinapopigwa na jua, na ambayo hudhihirika kadiri divai inavyokaa chupani. Mdomoni utamu ulifika kwanza, na kabla sijaanza kuulalamikia, ugwadu ukaja nyuma yake ukausafisha wote, hata nikabaki na kinywa kikavu na kisafi kana kwamba sikunywa kitu kitamu. Sukari na ugwadu vilikuwa vimeshikana kama watu wawili wanaovuta kamba moja kwa nguvu sawa, na kamba haisogei upande wowote.

Mizabibu ya huko hupandwa kwenye miteremko ya mawe ya sleti juu ya mto, mingine mikali kupita kiasi. Ule wa Calmont, katika kijiji cha Bremm, unafikia nyuzi 65 hivi, na karibu kila kazi hufanywa kwa mkono kwa kuwa trekta haliwezi kusimama. Mawe hayo meusi huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, na mteremko huipa mizabibu jua ambalo tambarare ya latitudo hiyo isingelipata. Zabibu huiva polepole, zikapata harufu nyingi kabla ya kupata sukari nyingi, na ndiyo sababu divai nyepesi namna hii inaweza kuwa na mambo mengi ya kusema. Kati ya chupa zote sita, hii ndiyo niliyoimaliza kwa masikitiko.

Kuhusu Marlborough sitasema mengi. Sauvignon Blanc yake ilinuka pasheni, mapera na nyasi zilizofyekwa sasa hivi, kwa nguvu kiasi kwamba niliisikia kabla sijaiinua glasi. Upanzi wa kibiashara wa zama hizi ulianza huko mwaka 1973 tu, na kuunda sura inayotambulika dunia nzima kwa muda mfupi namna hiyo ni jambo la kuheshimiwa. Glasi ya kwanza ilinifurahisha sana. Ya pili haikuniongezea neno lolote ambalo ya kwanza haikuwa imeshalisema, na ya tatu niliiacha.

Kakheti, kwa upande wake, inadai msomaji asahau mgawanyo wa nyeupe na nyekundu. Divai hii imetokana na zabibu nyeupe ziitwazo Rkatsiteli, lakini haikutenganishwa na maganda yake. Ilichachukia na kukaa nayo kwa miezi mingi ndani ya mtungi mkubwa wa udongo uitwao qvevri, uliofukiwa ardhini mpaka shingoni. UNESCO iliutambua utengenezaji huo mwaka 2013 kama urithi wa kitamaduni, na vigae vilivyochimbuliwa nchini Georgia vimeonyesha mabaki ya divai ya takriban miaka 8,000. Rangi ni ya kaharabu. Harufu ni ya maganda ya machungwa yaliyokaushwa, majani ya chai na asali isiyo na utamu. Nikiwa nimefumba macho ningeapa kwamba ni divai nyekundu, kwa sababu ukakasi ulinikamata ufizi wa juu na kubaki hapo kwa muda mrefu. Si divai ya kila mtu, na anayeinywa ikiwa baridi sana ataiona chungu tu. Niliiacha ipate joto hadi nyuzi 14 ndipo ikafunguka.

Barolo ilinipa taabu na kisha ikanilipa. Chupa ya kwanza ilikuwa mbovu, na nilijua hivyo kabla ya kuonja, kwa kuwa kizibo kilitoka kizima lakini glasi ikanuka boksi lililolowa maji na kuachwa chumba kisicho na hewa. Hiyo ni kazi ya TCA, kampaundi inayozaliwa pale kuvu wanapokutana na kampaundi za klorini kwenye kizibo, na pua ya binadamu huikamata hata inapokuwa sehemu chache za bilioni za gramu katika lita moja. Muuzaji, ambaye simtaji, alikataa kuipokea tena akidai kwamba Barolo zote huwa ngumu. Ugumu ni jambo jingine. Ugumu ni ukakasi, nao huisha kwa subira. Harufu ya boksi haiondoki hata ukiiacha divai wazi juma zima, bali huzidi.

Chupa ya pili niliipata kwingine. Rangi ya Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo, humdanganya anayeitazama: ni nyekundu iliyofifia, yenye ukingo wa rangi ya matofali, na mtu angetarajia kinywaji chepesi. Sheria ya eneo hilo inaitaka divai ikomae kwa miezi isiyopungua 38, 18 kati yake ikiwa ndani ya mbao, na hata baada ya muda huo ukakasi wake ulikuwa mkali kuliko wa chupa nyingine yoyote mezani. Siku ya kwanza niliandika neno moja tu: imefungwa. Nikaimimina nusu kwenye jagi pana, nikaiacha. Baada ya saa tatu ilikuwa imeanza kutoa waridi lililokauka, na nyuma ya waridi, lami. Sikuamini kwamba harufu mbili zilizo mbali namna hiyo zaweza kukaa pamoja bila moja kuifukuza nyingine, lakini zilikaa. Siku ya pili ziliongezeka cheri na ngozi kuukuu, na ukakasi ukawa mwembamba kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Anayenunua Barolo na kuinywa ndani ya nusu saa amenunua nusu ya chupa.

Imebaki Stellenbosch, na hapa ndipo imani yangu ya pili ilipoanguka. Chupa yake ilikuwa ya zabibu iitwayo Pinotage, iliyozaliwa mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipozichavusha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo huko iliitwa Hermitage, na tangu hapo imebeba sifa mbaya ya kunuka mpira uliochomwa. Nilikwisha kuonja za namna hiyo, nikaihukumu zabibu nzima kwa makosa ya watengenezaji wachache. Hii ya sasa, iliyokuwa ndani ya karatasi, niliiandikia plamu mbivu, karafuu na moshi wa kuni ulio mbali, ukakasi wa wastani, ugwadu wa kutosha kuubeba uzito wake, nikaipa nafasi ya tatu kati ya sita, baada ya Mosel na Barolo. Karatasi ilipofunguliwa nilidhani chupa zimebadilishwa. Niliionja tena siku iliyofuata nikiwa ninaijua, na sikuona sababu ya kuishusha.