Mtambo wa picha ulioweza kusimamisha ziwa ukashindwa kuchora jembe

Nimeutumia mtambo huu wa kuchora picha kwa akili unde kwa miezi kadhaa, nikiulipia ada ya kila mwezi kwa dola, na ninaandika haya nikiwa bado nina hasira. Nilikusudia kuupa nyota tatu. Tutaona zitabaki ngapi nitakapomaliza.

Kazi iliyonipeleka huko ilikuwa bango la kikundi cha bugobogobo cha Mwanza. Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe mkononi: mchezaji hulirusha jembe juu, hulizungusha na kulidaka bila kupoteza mapigo, kwa kuwa ngoma yenyewe imetoka shambani, watu walikokuwa wakilima kwa pamoja huku wakipigiwa ngoma. Nilitaka kuwaona wachezaji hao juu ya Ziwa Victoria, mbele ya Jiwe la Bismarck, wakilima mawingu badala ya udongo, na jua likiwaka chini ya maji.

Kwa upande wa mawingu sina lawama hata kidogo, na nisiposema hivyo nitakuwa ninadhulumu. Ziwa lilisimama wima nyuma ya wachezaji, mitumbwi ikiwa imening'inia juu yake bila kuanguka. Mawingu yalipangika kwa matuta, kila tuta na kivuli chake, na vumbi jeupe likaruka chini ya nyayo kama linavyoruka kiangazi. Nilimwita mke wangu aje aone. Kwa muda ule niliamini kwamba nimepata chombo nilichokuwa nikikitafuta miaka yote ya kubuni mabango.

Kisha nikaitazama mikono. Kila mchezaji alikuwa ameshika mkuki.

Nilikuwa nimeandika jembe kwa Kiswahili. Nikaandika kwa Kiingereza, mikuki ikarudi, safari hii pamoja na ngao na ngozi za chui ambazo sikuziomba. Nikaeleza wazi kwamba sitaki mikuki, nayo ikazidi kuwa mingi, maana mitambo mingi ya aina hii hulishika neno lililotajwa kuliko inavyoushika ukanushi wake. Nikapakia picha ya mchezaji halisi ili mtambo ufuate mkao wa viungo vyake; mgongo na magoti ukavipata sawasawa, mkononi ukamwekea fimbo. Nikafuta sehemu ya mkono kwa brashi ili ichorwe upya, nikapewa sepetu, shoka, kasia, na hata bapa la chuma lililoota kutoka kwenye kiwiko. Jembe letu la mkono halina fumbo lolote: bapa la chuma ambalo ncha yake inapenya kichwa cha mpini, na mpini ukaota weusi pale unaposhikwa kila siku. Liko katika kila nyumba ya mkulima.

Mzee wa kikundi alipoiona picha ile alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanakwenda kupigana na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Niliwaandikia wahudumu wa kampuni, kwa adabu, nikaambatisha picha ya jembe na kueleza kwamba hawa ni wakulima wanaocheza. Jibu lilichukua siku nyingi kufika. Halikutaja jembe wala kuomba radhi. Lilinishauri niongeze katika maelezo yangu maneno "wapiganaji wa Kiafrika", ili picha ipate uhalisia zaidi. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, na kila nikilisoma ninaumia upya. Mteja anaeleza kwamba watu wake wamevishwa sura isiyo yao, naye anaambiwa aiombe sura hiyo kwa jina lake. Krediti, yaani pointi nilizolipia za kuchorea picha, zilizoteketea kwa mikuki ile hazikurudishwa.

Ninaelewa jinsi kazi hii inavyofanyika. Mtambo huanza na chenga za rangi zisizo na umbo, ukazisafisha hatua kwa hatua kuelekea kile ambacho maneno yameonyesha, na kinachojulikana kwake ni picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja wa aina hiyo, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo, na takriban bilioni 2.3 kati yake zilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Nadhani ballet imo humo kwa wingi kuliko jembe letu, ndiyo maana nilipojaribu mchezaji wa ballet akisimama kwa ncha za vidole juu ya pete za Zohali, kiatu, utepe na kifundo cha mguu vilitoka bila kosa hata kimoja. Lakini ufafanuzi huo haunipunguzii hasira. Kampuni inayonitoza ada sawa na ile inayomtoza mchoraji wa ballet inapaswa kujifunza jembe, au angalau kumsikiliza anayeileta picha yake hadi mlangoni.

Bango tulilitoa hatimaye. Nililipiga picha jembe halisi la kikundi, nikalipandikiza mkono kwa mkono kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha, nikikesha ili kivuli chake kilingane na vivuli vya matuta. Mzee amelikubali. Watu wanaolisifia husifia mawingu, nami siwezi kukana kwamba mawingu yale nisingeyapata kwa kalamu yangu.

Kwa hiyo, kama unachobuni ni ballet mwezini, lipia bila wasiwasi. Kama ni ngoma zetu, iwe sindimba, mganda au bugobogobo, jiandae kuvichora vifaa vyote mwenyewe. Nyota mbili nimeziondoa kwa sababu ya lile jibu. Ada ya mwezi ujao sitalipa, na krediti zangu bado ninazidai.