Mapunye ya mtoto: krimu au vidonge?
Jamani, fangasi ya mwilini, ile ya duara yenye ukingo ulionyanyuka na inawasha, krimu ya klotrimazoli inatosha, unapaka mara 2 kwa siku wiki 2 hadi 4 na usiache siku ile ngozi imetakata, endelea kidogo.

Ila kichwani? Hapana. Mapunye yanajificha ndani kwenye shina la nywele, krimu haifiki huko, utapaka tyubu ziishe na mtoto bado ananyonyoka nywele. Hapo ni vidonge vya griseofulvini, wiki 6 hadi 8, dozi daktari anapima kwa kilo za mtoto, na anywe na chakula chenye mafuta ndo dawa inaingia vizuri. Krimu za steroidi naomba muachane nazo kabisa, muwasho unapoa huku fangasi inasambaa chini kwa chini.