Dawa ya kusafishia masikio ya mbwa: uzoefu wangu wa miezi minne

Bobi wangu ana masikio makubwa ya kulala, kayarithi kwa mama yake, Labrador. Tunakaa Kigamboni, na kila Jumapili lazima aingie baharini, umzuie usimzuie. Akitoka amelowa chapachapa, maji yanabaki ndani ya masikio, na kwa joto la huku hayakauki upesi.

Masika yaliyopita akaanza kutikisa kichwa usiku kucha. Nikainua sikio la kushoto nikanusa: harufu ya unga uliochacha, na nta ya kahawia imejaa. Nilichofanya baada ya hapo kinaniuma mpaka leo. Nilitumia vijiti vya pamba. Nikamwekea mafuta ya nazi kwa ushauri wa jirani. Halafu nikajaribu siki iliyochanganywa na maji, bila kujua kwamba ngozi ya ndani ilikuwa imeshachubuka. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akakimbilia uvunguni, akakaa huko mpaka asubuhi.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Niliomba tu aniuzie dawa, akakataa. "Mama, nikuuzie dawa ya sikio ambalo sijalitazama ndani?" Akachungulia kwa kile kifaa chao chenye taa kuhakikisha ngoma ya sikio ni nzima, kwa sababu ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa hupenya mpaka ndani na mbwa anaweza kuwa kiziwi au kuanza kupepesuka. Akanichorea njia ya sikio la mbwa: inashuka chini kwanza, kisha inakata kona kama herufi L. Nikaelewa vijiti vyangu vilikuwa vinashindilia uchafu konani.

Alipaka uchafu kidogo kwenye kioo, akautazama kwa hadubini. Akakuta fangasi jamii ya hamira, Malassezia. Hawa wanaishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima, ila wakipata joto na unyevu huzaliana kupita kiasi. Utitiri hakuuona. Wenyewe mara nyingi huacha uchafu mkavu, mweusi kama kahawa iliyosagwa.

Nikaondoka na dawa ya matone ya kutibu fangasi, pamoja na chupa ya mililita 100 ya dawa ya kusafishia, shilingi 32,000. Hiyo ya kusafishia ndiyo ninayoizungumzia hapa. Ina asidi ya salisili, inalegeza nta na kusaidia sikio kukauka, na haina spiriti.

Matumizi yake: mdogo wangu anamshika Bobi kwa upole, mimi nainua sikio na kumimina mpaka njia ijae. Kisha nasugua shina la sikio kwa nje, kama nusu dakika, hadi nisikie maji yanachezacheza ndani. Namwachia atikise kichwa (fanyieni nje, ukuta wetu wa sebuleni umeshachafuka), halafu nafuta kwa pamba kile kilichopanda juu, mwisho pale kidole kinapofika. Wiki mbili za kwanza ilikuwa siku moja ndiyo, moja hapana, na matone yalifuata sikio likishakauka. Sasa ni mara moja kwa wiki, baada ya bahari. Daktari alinionya nisizidishe, maana kusafisha kila siku kunachubua ngozi.

Matokeo? Wiki ya pili harufu iliisha, na Bobi akalala usiku mzima bila kutikisa kichwa. Nilikaa pale mlangoni namtazama tu. Kwa miezi minne nimetumia chupa mbili, kwa hiyo bei naiona ya haki. Mdomo wa chupa ni laini na mfupi, hauumizi.

Yasiyonifurahisha: kifuniko kinavuja chupa ikilala. Maelezo ni ya Kiingereza na Kifaransa pekee, nami nataka msichana anayenisaidia nyumbani aweze kuyasoma mwenyewe. Na wameweka manukato makali mno. Mimi hutumia pua kujua kama sikio limeanza kuharibika, sasa nasubiri siku mbili baada ya kusafisha ndipo ninuse.

Ningemshauri yeyote mwenye mbwa wa masikio ya kulala aitumie, lakini baada ya daktari kuangalia. Akilia ukimgusa, akiinamisha kichwa upande mmoja, au ukiona usaha au damu, usimimine kitu. Vilevile ukikuta sikio limevimba kama mto, ni damu iliyovujia ndani kwa kutikisa kichwa sana, na hiyo haitibiwi kwa kusafisha.

Juzi pamba ya sikio la kulia ilitoka nyeupe. Ya kushoto bado ina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo Jumamosi tunarudi kwa daktari aitazame tena kwa hadubini.