Skochi ya dhahabu ya kulinda karenaji: inafanya kazi kweli?

Jambo bandugu, karibuni tena kwenye chaneli, tuko papa hapa Goma. Piki yenyewe siielezi tena maana mnaijua, ile sport ya 250 yenye karenaji, yale maplastiki yanayofunika piki, mpaka chini, na video yake iko. Leo nataka kitu kimoja tu, hii hapa, skochi ya dhahabu, yaani tepu ya gundi yenye rangi ya dhahabu ya kukinga karenaji na joto. Sogeza kamera kidogo. Munaona inavyong'aa? Mimi hii kitu naipenda, nasema mapema kabisa, lakini kaeni mpaka mwisho maana watu wengi wanaibandika pahali hapafai kisha wanasema wameibiwa.

Shida ni hii. Plastiki za karenaji nyingi ni aina inayoitwa ABS, na ABS inaanza kulegea ikikaribia digrii 100. Tuyo ya moshi pale inapotoka kwenye injini inaweza kupita digrii 400, na kati yake na plastiki mara nyingi kuko nafasi ya kidole kimoja. Ukiwa unakimbia barabara ya Sake hakuna neno, upepo unapita. Ingia mzunguko wa Signers hapa mjini jioni watu wakitoka kazi, simama nyuma ya Fuso, injini inanguruma na hewa haitembei, hapo ndipo plastiki inaiva. Na ukifika nyumbani ukazima, joto halijaisha, upepo ndio umeisha, kwa hiyo linabaki pale pale linapanda kwenye karenaji. Watu wanalaumu plastiki ya Kichina, hapana bwana, hata ya Wajapani inakunjamana, cha kuangalia ni ile tuyo nene ya kelele uliyofunga bila kupima nafasi. Na ukishafungua tuyo hivyo bila kugusa kabureta, mchanganyiko unapungua esansi, tuyo inazidi kuwaka.

Haya, twende kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Makala yameshika vizuri, angalia yalivyo mekundu. Hiki ni kipande cha karenaji iliyovunjika, nusu hii nimebandika skochi, nusu hii iko wazi. Siweki juu ya moto, naweka kando, hapa pembeni, maana juu kule ni hewa ya moto inayopanda, mimi nataka lile joto linalopiga moja kwa moja hata bila kugusa kitu, ndilo tuyo inalitupa kwenye plastiki siku nzima. Subiri... usiondoke... unaona? Upande wa wazi rangi imeanza kutoa vipele. Harufu hiyo mimi naisikia hapa, nyinyi mmebahatika. Sasa ukingo unajikunja, unajikunja, basi umekwisha, kipande kimepinda. Upande wa skochi umenyooka vilevile! Naweka kidole nyuma yake, kuna uvuguvugu tu, kidole kinakaa. Joto limerudishwa lilikotoka.

Lakini ngoja, hapa ndipo nataka kila motari, kila dereva wa piki, aangalie. Kipande kingine, hiki chote kina skochi, sasa nakigusisha kabisa kwenye chuma cha mbabula. Hesabu pole pole na mimi. Eeh! Umeona? Plastiki inalegea na dhahabu yake juu! Maana hii ngozi ni nyembamba, joto likiigusa linapita tu. Inarudisha joto linalorushwa, haizuii joto linalogusa. Kwa hiyo kama karenaji yako inagusana na tuyo, hata ubandike tabaka kumi unapoteza pesa. Tafuta nafasi kwanza. Weka rondele, zile pete za chuma, mbili tatu kwenye bolti zinazoshika karenaji, isukume nje kidogo, ukipata hata milimita 10 za hewa, hapo sasa bandika. Na unabandika kwenye plastiki, upande wa ndani, siyo kwenye tuyo! Kwenye tuyo gundi itaungua, itatoa moshi, itadondoka.

Kabla ya kubandika futa mafuta na alkoli, plastiki ikauke, kisha sugua na mgongo wa kijiko, hasa kwenye kona. Ukate mbali na waya za batri, maana nyingine zina aluminiamu ndani na aluminiamu inapitisha umeme. Na vumbi! Vumbi letu jeusi la volkano likikaa pale juu, kung'aa kunakwisha, na bila kung'aa kazi yake inakwisha. Ukiosha piki pitisha kitambaa na huko ndani.

Halafu kuna ile bandeji ya kufunga tuyo, mnaniuliza kila siku kwenye komenti. Ziko za fibaglasi na ziko za nyuzi za basalti, yaani jiwe la volkano limeyeyushwa likavutwa kuwa uzi, na sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 na 2021 tunayajengea kuta. Inapunguza joto, sikatai. Ila inakunywa maji, na mvua ya Goma mnaijua, tuyo ya chuma cha kawaida inaozea ndani na wewe huoni. Sipendi kabisa. Sawa, kama tuyo yako ni ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, funga, vaa glavu maana nyuzi zinawasha, na usishtuke ikitoa moshi mara ya kwanza. Kwa inoksi naikubali. Rangi ya kupulizia ya joto inazuia kutu tu, karenaji haisaidii.

Bei sasa. Mimi nimelipa dola 14 kwa roli moja, na ni pesa, siwafichi. Ile ya rangi ya fedha ni rahisi kidogo na kwenye mbabula sikuona tofauti, kwa hiyo usilipie rangi. Foili ya jikoni? Inarudisha joto kweli, lakini haina gundi na inachanika na mtetemo. Na kusema ukweli, kama una dola 5 tu, nenda kwa mafundi wa bati mtaa wa Birere, wakukatie kipande cha aluminiamu, kifungwe kati ya tuyo na karenaji, kisiguse huku wala kule. Nikiendelea kuongea naona hata mimi ningeanza na bati, skochi ije nyuma yake kama pesa ipo.

Kabla hujanunua chochote, angalia tuyo pale inapoungana na injini. Ukiona masizi meusi, gasketi inavujisha, moshi wa moto unapiga plastiki moja kwa moja, badilisha hiyo gasketi kwanza. Wiki ijayo ni kaske, kofia za piki, za dola 20, nitazikata katikati muone ndani. Wenye piki za Yamaha DT na AG zenye tuyo ya juu, andikeni chini plastiki yenu ya ubavu imeungulia wapi, nitatengeneza video yenu peke yenu.