Koki ya Sinki la Bafuni: Igeuze Uichungulie Kabla Hujatoa Hela

Saa tisa usiku nilisikia mvua. Nikajifunika vizuri, kisha nikakumbuka kwamba ni Agosti na Dar Agosti hainyeshi hivyo. Nilipoweka mguu chini nikakanyaga maji. Koki ya sinki la bafuni, niliyoifunga miezi saba tu kabla, ilikuwa imekatika shingoni, na simtanki la lita 1,000 lilikuwa linamalizikia sebuleni, juu ya zulia alilotuachia mama mkwe.

Bafu lenyewe ni la 1987: sinki la bluu, marumaru nyeupe ndogo za sentimita 15, sakafu ya terazo. Nilikuwa na laki tatu na sikutaka kubomoa kitu. Hapo sijuti. Tulikwangua uchafu kwenye maungio ya marumaru tukajaza upya, tukabadilisha mfuniko wa choo, tukaweka kioo kikubwa na taa nyeupe, na bafu likaacha kuonekana kama la zahanati. Sinki la bluu nimeliacha, siku hizi wageni wanalisifia. Kilichoniponza ni koki ya 15,000. Ilikuwa inang'aa, inafunguka kwa robo mzunguko, nami nikajiona mjanja wa mjini.

Sitawaambia mchague umbo gani, wala kama nyeusi inapendeza kuliko ya fedha. Macho mnayo. Swali langu ni moja: ndani kuna nini? Kromu ni ngozi tu. Chini yake kuna brasi, ile shaba ya manjano, au kuna zinki, na dukani zote mbili zinang'aa sawasawa. Sasa sisi tunaooga maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, zinki yetu huliwa kidogo kidogo kuanzia ndani huku nje ikiendelea kukuchekea. Fundi aliponiletea kile kipande kilichokatika, kilikuwa cha kijivu, kimejaa unga mweupe. Nilikimega kwa kucha. Kwa kucha!

Kwa hiyo ukifika dukani, igeuze koki kichwa chini. Washa tochi ya simu umulike tundu la kuingilia maji na zile nyuzi za kufungia nati, maana huko kromu mara nyingi haifiki. Ukiona manjano, hiyo ni brasi. Ukiona kijivu, rudisha. Kisha shika mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono: ya brasi ni nzito, utaisikia. Muuzaji akikutolea sumaku akuonyeshe kwamba haishiki, mshukuru tu. Sumaku haishiki brasi na haishiki zinki, kwa hiyo hajakuthibitishia lolote.

Namba moja kwangu ni Essco. Najua mtasema nimelipwa. Sijalipwa, nimelipa mimi, 68,000, na iliniuma. Essco ni ndugu wa bei nafuu wa Jaquar, kampuni ya India iliyoanza 1960. Mwili ni brasi, na haina mbwembwe. Ukiweza kufika kwenye Jaquar yenyewe, nenda, ila kwa bafu la laki tatu huko ni kujitafutia ugomvi na mume. Yangu sasa ina mwaka na nusu kwenye maji yaleyale ya chumvi, na kilichowahi kuisumbua ni kile kichujio cha mdomoni kuziba. Nakifungua, nakilaza usiku kucha kwenye siki, asubuhi nakirudisha.

Namba mbili ni koki ya brasi isiyo na jina, hasa zile za zamani za kuzungusha mara nyingi, zenye mpira ndani. Hazina urembo wowote. Lakini ikianza kudondosha, unanunua kampira kwa mia tano na unafunga mwenyewe kabla chai haijachemka. Hizi za robo mzunguko zina visahani viwili vya kauri ndani, na kisima chako kikitoa mchanga, visahani vinakwaruzika. Hapo hakuna kampira, ni kubadilisha moyo wote wa koki, na ujiombee upatikane unaolingana. Kama maji yako yana mchanga, hii namba mbili ipandishe iwe namba moja. Sitakasirika.

Namba tatu, stenlesi. Nzuri ikiwa kweli ni 304, lile daraja la stenlesi lisiloshika kutu kirahisi. Shida ni kwamba kugonga muhuri wa 304 hakugharimu chochote, na ya daraja la chini itaanza madoa ya kutu palepale sabuni inapokaa.

Za zinki nimeshasema. Za plastiki ni za bustanini.

Jambo jingine: ukishafunga koki nzuri, mwambie dada wa kazi ile asidi ya chooni isikaribie sinki. Inakula kromu.

Sasa wauzaji. Nimezunguka Kariakoo Jumamosi mbili na kila niliyemuuliza aliniambia "hii orijino, mama, ya Italia". Boksi lina bendera ya Italia kweli. Ndani ya boksi hakuna jina la kiwanda wala mji. Kijana mmoja alininyang'anya koki mkononi nilipomulika tochi, eti nitaichubua. Nilirudi duka nililonunua ile ya kwanza nikiwa na vipande viwili kwenye mfuko wa rambo. Yule baba hakuvitazama, alinielekeza kwa kidole ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia basi anipe nyingine ya brasi, niione ndani kwanza. Akaleta, nikachungulia, manjano tupu.

"Bei ya risiti au bei ya kawaida?" akauliza.

Nikasema ya risiti. Akapiga hesabu, akaongeza ile asilimia 18 ya VAT, akaenda kwenye mashine ya risiti, akarudi.

"Mashine haina mtandao, mama."

Ndiyo maana Essco nilienda kuinunua duka la pili.