Gundi ya epoksi ya chupa mbili: miezi mitano tangu nizibe ubao wangu, Mikindani

Ninakodisha vyombo vidogo vya kasia hapa Mikindani: kayaki moja ya plastiki na mbao mbili za kusimama, zile ndefu ambazo mtu husimama juu yake akapiga kasia taratibu kandokando ya mikoko. Wateja wangu ni wageni wanaokuja kuona mji mkongwe na boma la Mjerumani, na siku hizi vijana wa Mtwara mjini wanaoshuka Jumapili. Mbao zote mbili nilizinunua zikiwa zimeshatumika. Mmoja ukilala, sehemu kubwa ya riziki yangu imelala nao, kwa hiyo gundi ninayoieleza hapa sikuinunua kwa kujaribu tu.

Mwezi wa tatu mteja alichelewa kurudi. Maji yalikuwa yameshakupwa, akauburuta ubao juu ya mwamba hadi mchangani. Nilipougeuza nilikuta ufa wa sentimita sita hivi tumboni, na kwenye kona ya mkia kipande kama kucha ya dole gumba kimemeguka, povu jeupe la ndani linaonekana. Nilibonyeza karibu na ufa, maji yakachuruzika.

Fundi mmoja wa boti za faiba alinishauri nitumie rezini ya poliesta, gundi ya majimaji inayoganda, ile ile anayotumia kwenye boti zake, kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Ni ushauri mzuri kwa boti, lakini kwa ubao kama wangu ungekuwa hasara. Rezini ya poliesta ina staireni, na staireni inayeyusha povu la polistaireni, lile jepesi linalofungiwa televisheni kwenye maboksi. Kama hujui ubao wako una povu gani, chukua punje iliyomeguka, idondoshee tone la petroli ukiwa mbali na moto. Yangu ilinywea palepale ikawa ute. Hapo nikajua ni epoksi, isiyoyeyusha povu hilo, au nisifanye kitu.

Paketi niliagiza Dar es Salaam, ikaja na basi. Jumla pamoja na usafiri ilinigharimu shilingi 65,000. Ndani kulikuwa na chupa ya rezini ya mililita 200, chupa ya hadena, yaani kigandishi chake, ya mililita 100, kipande cha kitambaa cha faiba, vijiti vya kukorogea, misasa miwili na jozi moja ya glovu. Kitambaa ni kidogo mno. Glovu jozi moja haitoshi, na hilo si jambo la kupuuza: hadena ya epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio usioisha. Nilinunua boksi zima la glovu kwenye duka la dawa, na hapohapo nikachukua mabomba ya sindano mawili ya kupimia.

Sasa nije kwenye kukausha, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mimi nimekulia kwenye uwanja wa mjomba wangu, fundi wa majahazi. Kwa mjomba, adui wa chombo ni ukavu. Jahazi likikaa juu sana juani, mbao zinasinyaa, pamba ya kalafati iliyozibia kati ya mbao inalegea, ukilishusha linavuja kila mahali mpaka mbao zinywe maji na kujifunga tena. Kwa hiyo nilipoona maji yanatoka kwenye ubao, moyoni sikushtuka sana. Nilidhani nitapangusa, nitaziba, basi. Nilimpelekea auone.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiki kina mbao ndani?"

"Hapana, povu tu, na ngozi ya faiba juu."

Akaugonga kwa kidole sehemu mbili tatu, akasikiliza. "Basi hakina cha kuvimba kikajifunga. Hayo maji ukiyafungia humo yatakaa humo."

Alikuwa sahihi kabisa. Epoksi haishiki vizuri penye unyevu, na chumvi iliyobaki kwenye ufa inazuia gundi kukamata. Niliuosha ufa kwa maji baridi ya bomba, mara tatu siku ya kwanza, kisha nikauegemeza chini ya mwembe, ufa ukiangalia chini ili maji yashuke yenyewe. Kuuanika juani hapana. Hewa iliyo ndani ya povu inatanuka kwa joto na inaweza kuachanisha ngozi na povu, na hapo si ufa tena, ni ubao mzima. Kila jioni nilikuwa naubeba hadi dukani kwa jirani mwenye mizani ya kupimia korosho. Siku ya kwanza ulikuwa kilo 11.9. Siku ya nane 11.4, siku ya tisa 11.4, ya kumi 11.4. Ndipo nikafungua chupa.

Kuchanganya ni mbili kwa moja kwa ujazo, na vipimo hivyo havina mjadala. Waliozoea poliesta wanajua kwamba ukiongeza matone ya hadena kazi inawahi. Kwa epoksi haiko hivyo. Rezini na hadena zinaungana kwa hesabu, na inayozidi inabaki bila mwenzake, kiraka kinabaki laini kama gamu. Bomba la sindano linamaliza ubishi.

Kosa langu lilikuwa kiasi. Karatasi ya maelezo inasema una dakika 25 za kufanyia kazi, lakini ukisoma herufi ndogo, ni kwenye joto la nyuzi 20. Hapa mwezi wa tatu saa nane mchana ni zaidi ya nyuzi 30. Nilichanganya mililita 90 kwenye kikombe kirefu. Epoksi inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na ikiwa imerundikana mahali pamoja joto hilo halina pa kutokea. Kabla dakika kumi hazijaisha kikombe kilikuwa hakishikiki na moshi unatoka. Mililita 90 zikapotea. Mara ya pili nilianza saa kumi na mbili asubuhi, nikachanganya mililita 30 tu na kuimwaga kwenye kisahani bapa. Nilifanya kazi bila haraka hadi mwisho. Hilo la joto wangeliandika kwa herufi kubwa, tena kwa Kiswahili. Watu wengi wanaonunua bidhaa hii huku pwani hawako kwenye nyuzi 20.

Kona iliyomeguka niliijaza kwa epoksi niliyoikoroga na unga wa msumeno wa mjomba, uliochekechwa kwa chekecheo la chai, hadi ikawa nzito kama uji wa kushikana. Kwenye ufa nilipiga msasa namba 80 sentimita tano kila upande, nikaondoa faiba yote iliyokuwa inacheza, nikaweka tabaka mbili za kitambaa, la pili pana kuliko la kwanza. Juu yake nikalaza nailoni safi na kuikandamiza kwa kiganja nikitoa mapovu ya hewa. Ukiibandua kesho yake unakuta uso laini, msasa unapungua nusu. Vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, au tumia msasa wa maji. Vumbi la faiba linawasha ngozi, na mapafuni halifai kabisa.

Pembeni ambako nailoni haikufika, asubuhi niliona utando wenye utelezi kama sabuni. Nilifikiri nimekosea vipimo. Kumbe ni unyevu wa hewa unaofanya hivyo juu ya epoksi. Unatoka kwa maji na sponji, lakini lazima utoke kabla ya msasa na rangi. Nilimalizia kwa namba 240, kisha 400, nikapaka rangi nyeupe mikono miwili, kwa kuwa epoksi ikiachwa uchi juani inageuka njano na kuchoka.

Tangu hapo umeingia majini karibu kila wiki, Kusi lote. Nimeupima tena wiki iliyopita: umeongezeka uzito wa rangi tu. Ukipitisha mkono tumboni unausikia mpandano kidogo, macho hayaoni. Kwa kazi hiyo naipa gundi hii alama zote.

Kwa kayaki, haifai. Nilikuwa na mkwaruzo mrefu chini yake nikaupaka epoksi iliyobaki. Siku ya tatu ilibanduka nzima, kama ganda la muhogo uliochemshwa. Kayaki yangu ni ya poliethilini, na plastiki hiyo karibu kila gundi inaikataa. Aliyenieleza ni mteja kutoka Austria, ambaye kwao anateleza kwenye theluji kwa ubao na kuutengeneza mwenyewe nyumbani. Alisema upande wa chini wa ubao wa theluji umefunikwa na plastiki ya jamii hiyohiyo. Mkwaruzo wanaujaza kwa kijiti cha poliethilini kinachowashwa moto kikadondokea ndani, kijiti kikishikwa karibu sana na ubao ili moto uwe mdogo wa bluu na masizi yasiingie. Kikipoa wanakwangua kwa bapa la chuma hadi usawa. Epoksi wanaitumia pale tu mkwaruzo umefika kwenye mbao za ndani, au ukingo wa chuma umeachana na ubao. Hapo wanapaka na kubana kwa jiriwa hadi ikauke.

Nilijaribu kwa namna yangu: ukanda niliokata kwenye dumu la mafuta lililopasuka, na kisu butu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, nje penye upepo. Umeshika. Ni mkwaruzo lakini, si tundu. Kwa tundu nisingeuamini.

Chupa zangu zimebaki robo hivi. Ubao wa pili nao sasa una ufa mdogo ubavuni, uko chini ya mwembe tangu Jumatano. Jana ulikuwa kilo 12.2, leo asubuhi 12.1, kwa hiyo chupa bado sijazigusa.