Nilinunua Nyumba Mambrui, Mchanga Ukabaki kwa Mwenyewe

Nyumba yenyewe sina neno nayo, wala msije mkasoma hapa mkadhani naisema vibaya Mambrui, kijiji hiki cha pwani karibu na Malindi. Ninayemsema ni mtu mmoja, broka, na jina lake silitaji kwa sababu mamake ni mtu mwema na huniletea mahamri.

Nilikuwa nimechoka na Kisauni, kule Mombasa. Aliyekaa Kisauni hahitaji kuelezwa. Nilitaka mahali ambapo nikiamka usiku nisisikie kitu ila bahari, na alfajiri adhana. Mwaka juzi, kama mwezi hivi kabla ya Ramadhani, nikavuka daraja la Sabaki ndani ya tuktuk, broka kando yangu, mdomo haufungi.

Alinizungusha kijiji kizima. Akanipeleka kwenye lile kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina, akanihadithia vile wachimbaji kutoka China walivyokuja 2010 na sarafu ya mfalme wao wa zamani ikapatikana papa hapa Mambrui. Mie nikachangamka, nikaona kweli nimefika mahali penye asili. Nikikumbuka sasa damu yanichemka. Mtu anakujulia sarafu iliyoanguka mchangani miaka 600 iliyopita, halafu mchanga huo leo ni wa nani, ati hajui!

Tuliandikiana mbele ya mzee wa mtaa, mashahidi wanne, muhuri ukagongwa, tukala tende. Ile karatasi nimeisoma baadaye hadi mikunjo yake imeanza kuchanika. "Nyumba ya vyumba vitatu, milango minne, madirisha matano, choo cha nje kimoja." Wallahi madirisha yamehesabiwa. Neno ardhi halimo, si juu, si chini, si kwenye muhuri.

Miezi ya mwanzo nilikaa kama malkia. Kuta za udongo na fito, paa la makuti, baridi tele hata jua la utosini. Maji ya kisima yana munyu kidogo, chai unaizoea. Jirani wa upande wa kibla alinipokea kwa samaki wa kupaka siku ile ile, kabla sijafungua hata godoro. Nikawapigia simu wanangu nikawaambia nimepata.

Ndipo nikaagiza lori la mawe, nibomoe ule udongo kidogo kidogo nijenge kitu cha kudumu. Lori likamwaga asubuhi. Alasiri akaja mzee na baiskeli, kofia yake safi, daftari la risiti limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Hodi mwanangu." Nikamkaribisha barazani, nikamtilia chai ya tangawizi. Alikunywa pole pole, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, akaisifu baraza. Kikombe kilipokwisha akasema, "Mawe mazuri haya. Lakini mwanangu, nyumba ya mawe hapa hujengi bila idhini ya mwenye uwanja. Na yule aliyekuuzia ameacha kodi ya miezi 14."

Shilingi 300 kwa mwezi. Si pesa ya kumwua mtu. Lakini nilihisi kama kwamba baraza imeondoka nami nimebaki nimekaa hewani.

Wakili mmoja Malindi ndiye aliyenifungua macho, na alinieleza kwa utaratibu, namshukuru. Hapa pwani nyumba inaweza kuwa yako na ardhi ikawa ya mwingine. Mwaka 1908 serikali ya wakoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye huu ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyeandikisha dai lake akakubaliwa, akapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wengine hawakuwa na habari, wako mashambani mwao wanalima. Mpaka leo kuna watu kizazi cha nne wanalipia uwanja waliokuta babu zao wakiishi. Nami nimejinunulia nafasi kwenye foleni hiyo.

Basi nikamfuata broka. Ofisi yake ni meza moja nyuma ya duka la simu, shavu limevimba muguka, yale majani ya kutafuna. Hakuinuka. Salamu aliiitikia akiitazama simu. Nikamweleza mawe, mzee, risiti. Akanisikiliza nusu, akasema: "Mama, ulitaka nyumba nikakupa nyumba. Ardhi uliuliza?"

Kisha akamgeukia mwenzake. "Hawa wa Mombasa, bwana."

Hawa wa Mombasa! Nyanya yangu amezikwa Gongoni, ukitoka Mambrui hata jasho halijakutoka umefika. Deni la miezi 14 lingeniisha moyoni, na mawe pia. Lile neno, pamoja na kile kicheko cha muguka, nikilala naamka nalo.

Na ni kweli sikuuliza. Hapo ndipo paniumapo. Sachi ya ardhi, yaani kutafutiwa kwenye rekodi za serikali ardhi ni ya nani, ilikuwa shilingi 500. Tende peke yake nilitumia zaidi.

Siku chache baadaye kijana akapanda mnazi wangu wa nyuma ya choo na panga lake, anaangua nazi tano, sita. Nikatoka na ufagio. Akanijibu kwa adabu akiwa huko huko juu: mnazi ni wa babu yake, ulipandwa kabla ya nyumba. Nikacheka, ningefanyaje? Aliniachia mbili.

Nikaenda kwa jirani wa samaki. Dadangu, mlijua? Akasema walijua, kijiji kizima kinajua, sote hapa tunaishi hivi, walidhani nami najua. Wala hakuona aibu, na sijui kama alipaswa kuona. Lakini nilirudi nyumbani polepole. Ule ukimya niliokuja kuununua ndio huo huo ulionyamazia karatasi yangu.

Kwa hiyo nikuambie nini? Usinunue Mambrui. Hapana, nunua, ila nenda na wakili kwanza, na broka muulize ardhi mbele ya watu. Kwangu mie, mwanangu ananiambia niuze nirudi Kisauni, nami kila nikisikia makuti yakikwaruzana na upepo wa kusi namjibu tutaongea mwezi ujao. Mawe bado yapo mlangoni. Kuku wa jirani wanataga humo, mayai tunagawana.

Juzi nilikuwa barazani nachambua mchele, nikamwona broka amekuja na bwana na bibi yake, wanaitazama nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anawaonyesha kwa kidole upande wa lile kaburi. Nikasimama na ungo wangu nikapaza sauti: "Muulizeni ardhi ni ya nani!" Yule bibi akageuka. Broka akacheka, akawaambia kitu sikukisikia, wakaendelea mbele.

Ile nyumba kumbe ni ya shemeji yake jirani wangu wa samaki. Tangu juzi salamu yangu anaiitikia kwa mbali.